Stesheni ya Mayu Nkwimba

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu. Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye sakafu ya chumba cha mjane mmoja, shavu langu linagusa vumbi. Kamera yangu mpya nilikuwa nimeiegemeza kwenye matofali, na mbele ya lenzi alisimama mkuu wa stesheni mwenye urefu wa kidole changu cha kati. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilivaa gauni la Jumapili kwa heshima ya picha ambamo mimi mwenyewe simo. Hapo ndipo nilipofanya kosa lililokaribia kumtoa mtu roho, na nililifanya huku natabasamu.

Najua ninyi vijana mna haraka, lakini nivumilie. Juzi kijana mmoja aliingia hapa studioni kwangu Bariadi akanionyesha kwenye simu picha ya mama muuza samaki wa Lamadi. Mama kainua kisu, uso kaukunja. Samaki kaondolewa kwenye picha, kisu kimebaki, na chini yake watu chungu nzima wameandika matusi. Kijana anacheka. Nikamwambia kaa hapo kwenye benchi nikupe habari. Akasema ana haraka, akaondoka na pikipiki yake. Basi maneno niliyotaka kumpa yeye nakupa wewe. Kama nawe hutayapenda, shauri yako. Sikuzaliwa ili nipendwe na kila mtu, na kwa umri huu sitaanza leo.

Kijijini kwetu, upande wa Sapiwi, treni haijawahi kupita. Tuna pamba, tuna ng'ombe, vumbi tunalo la kugawa, lakini reli hatuna. Nilipokuwa msichana wapo wazee waliokufa bila kuona behewa hata moja. Aliyeijua treni alikuwa mtu mmoja tu, Mayu Nkwimba. Sisi Wasukuma tukimwita mwanamke mtu mzima mayu tumemwita mama, na huyu alikuwa mama wa kila aliyepika, kwa sababu vyungu vya kijiji kizima vilitoka mikononi mwake.

Mumewe alifanya kazi katika genge la kutengeneza reli kule Malampaka. Kwa miaka kumi na minane yeye Nkwimba aliuza karanga za kuchemsha na mihogo kwenye madirisha ya mabehewa. Mume alipofariki, akarudi kijijini kwa kaka zake, akashika tena kazi aliyofundishwa na mama yake, ufinyanzi. Miaka ya kuchoma vyungu kwa mabua na kinyesi cha ng'ombe ikamwachia macho mekundu. Wewe umezaliwa juzi, mwanangu, hujui macho mekundu ya bibi kizee yaliwahi kumaanisha nini huku kwetu. Wapo waliozikwa kwa sababu ya macho hayo, na ulikuwa moshi tu.

Sasa huyu mama alikuwa na siri, au niseme alikuwa na kitu ambacho hakuona sababu ya kukitangaza. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na chumba cha kuanikia vyungu, na alikifunga kwa kufuli maana mbuzi na watoto hawana adabu. Siku moja aliniita, akaniambia amesikia nina jicho jipya. Kamera nilikuwa nimetoka kuinunua Mwanza baada ya kuuza ndama niliyepewa na babu yangu. Ndugu zangu walisema nimerukwa na akili, mwanamke auze ng'ombe anunue kidude. Mayu Nkwimba hakusema hivyo. Alifungua kufuli, akaniambia niingie taratibu.

Nilisimama mlangoni nikasahau hata kupumua. Juu ya uchaga wa miti, upana wa vitanda viwili, ilikuwepo stesheni nzima ya treni. Reli zilikuwa za waya. Mataruma yaliyoshikilia reli yalikuwa vijiti vya pamba, vile ambavyo bwana shamba hutuamuru tuving'oe na kuvichoma baada ya mavuno. Alisema aliviiba kwenye shamba lake mwenyewe. Mabehewa alikuwa ameyakata kwenye makopo ya mafuta ya kula, kichwa cha treni kwenye debe. Palikuwa na jengo la stesheni, tangi la maji, mizani ya mizigo, na watu. Watu wote walikuwa wa udongo uliochomwa: mkuu wa stesheni na bendera yake, abiria waliochomoza vichwa madirishani, mlevi aliyelala kwenye benchi, mwanamke mwenye mtoto mgongoni na beseni la karanga kichwani. Mayu Nkwimba aliwajua mmoja mmoja kwa majina na kwa deni la karanga.

"Mchwa wanakula mataruma," aliniambia, "na mimi nazeeka. Nikifa, watakaokuja hapa watatupa vyote hivi jalalani. Nipigie picha, ng'wanone, ibaki."

Ng'wanone ni mwanangu kwa Kisukuma chetu, kama ninavyokuita wewe sasa.

Nilikwenda kesho yake saa nne asubuhi, mwanga ukiwa mzuri. Siku zile kamera zilikuwa za mkanda, picha thelathini na sita, ukikosea umekosea. Mpaka hapo nilikuwa napiga picha za paspoti tu, mtu kakaa mbele ya shuka la buluu kama anasubiri hukumu. Hii ya stesheni ilikuwa kazi ya kwanza iliyonitaka niwe na akili. Nilifungua dirisha, nikatundika shuka jeupe upande wa pili ili lirudishe mwanga. Nikapiga kutoka juu picha mbili, nikaona hapana, hivi ni vinyago juu ya uchaga. Ndipo nikateremsha sehemu moja ya reli sakafuni, nikapanga watu upya, nikalala chini mpaka jicho langu likawa sawa na macho yao. Udongo ukageuka ngozi. Uwazi wa mlango nyuma yao ukawa anga. Niliona abiria wa kweli wanangoja treni ya kweli, na moyo wangu ukaenda mbio kwa furaha. Furaha ile siikani mpaka leo.

Nilipokuwa karibu kubonyeza, mkono wa Mayu Nkwimba ukaingia kwenye picha. Mkono mkubwa, mweusi, wenye udongo kwenye kucha, ukakaa karibu na mkuu wa stesheni.

"Toa mkono, mayu," nikasema. "Unaharibu picha."

"Piga na mkono. Mtu asipouona, atajuaje ukubwa wa hawa watu?"

"Ndiyo raha yenyewe, asijue."

Alinitazama kidogo, akautoa. Hakubishana. Alikuwa amenipa kazi na hakutaka kunifundisha kazi yangu. Nikamaliza mkanda wote, picha thelathini na nne, na katika hizo hakuna hata moja yenye mkono, tofali, ukuta wala uchaga. Nilihakikisha. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, na mimi nilijiona ndiye mwenye macho peke yangu wilaya nzima.

Mkanda nikautuma Mwanza kwa basi ukasafishwe. Picha ziliporudi, nilichagua tatu nzuri kuliko zote nikazibandika kwenye ubao wa kibanda changu pale sokoni Bariadi. Watu wakajaa. Hii ni Malampaka, anasema mmoja. Mwingine anaapa ni Tabora, ameshuka pale mwenyewe. Mimi nimekunja mikono, nacheka. Wakaniuliza ni wapi. Nikawaambia ni kwetu, upande wa Sapiwi. Wakasema Sapiwi hakuna reli. Nikasema, "Ipo. Iko nyumbani kwa Mayu Nkwimba, ndani ya chumba chake cha vyungu." Nikaacha hapo hapo. Sikusema udongo. Sikusema makopo. Utani huo ulikuwa mtamu mdomoni mwangu, na utani ukiuelezea unachacha.

Picha moja niliigawa kwa mama mmoja wa kijijini kwetu aliyekuja kuuza kuku. Aliifunga kwenye kanga akaondoka nayo.

Mwanangu, umewahi kusikia methali inayosema lisemwalo lipo, kama halipo laja? Hiyo naichukia. Nimeishi miaka mingi na nimeona mengi yaliyosemwa na hayakuwepo, wala hayakuja, ila aliyesemwa aliumia kana kwamba yapo. Kwa siku nne zilizofuata picha ile ilitembea kutoka mkono hadi mkono, kisimani, kwenye mashine ya kusaga, kwenye pombe. Ilianza kama kicheko. Kisha mtu mmoja akauliza, hawa watu waliomo ndani ya chumba cha Nkwimba ni akina nani? Mwingine akakumbuka kwamba chumba kile hufungwa kwa kufuli. Mwingine akakumbuka macho. Kwetu kuna watu wanaoamini, na wengine waliamini huku wanakwenda kanisani kila Jumapili, kwamba mchawi huwachukua waliokufa akawafanya misukule wamtumikie. Picha yangu ikawa ushahidi. Misukule ya Nkwimba hii hapa, ina stesheni yake, na mpiga picha wa Bariadi kaiona kwa macho yake mawili.

Kisha asubuhi moja picha ikafika kwa Mama Sayi. Alikuwa amemzika binti yake Sayi tangu masika, pamoja na mtoto mchanga. Akamwona yule mwanamke mwenye beseni, mtoto mgongoni, kitambaa kimefungwa kichwani kwa namna ileile aliyokuwa akifunga Sayi. Akapiga yowe. Yowe kwetu haliachwi lipite; likisikika, kila mwenye miguu hutoka, na walinzi wa jadi huja na fimbo na mishale. Walimchukua Mayu Nkwimba asubuhi ile ile na kuitisha dagashida, ule mkutano wetu mkubwa wa kijiji unaoweza kumtoza mtu ng'ombe, kumtenga, au kumfukuza kabisa. Na wapo waliouawa kabla hata ya kufukuzwa.

Habari zilinifikia sokoni. Nikapanda baiskeli. Nitakwambia jambo ambalo sikuwaambia hata watoto wangu: pale njia inapogawanyika nilisimama. Huku kijijini, kule barabara ya Lamadi, na Lamadi nina shangazi. Nilifikiria kwenda kukaa kwa shangazi mpaka mambo yapoe. Nilifikiria kabisa, nikahesabu na nguo nitakazoazima. Kama unadhani ushujaa ni kukosa woga, umeambiwa uongo. Nilishika njia ya kijijini kwa sababu nilijua nikienda Lamadi sitaweza tena kumtazama mtu yeyote kupitia kamera ile.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa ghala la pamba. Wanaume wamesimama, wanawake wamekaa pembeni, na katikati Mayu Nkwimba ameketi chini, miguu kainyoosha, kanga kaifunga vizuri. Hakulia. Vijana watatu nilipishana nao njiani wakielekea nyumbani kwake na mizigo ya vijiti vikavu vya pamba, na sikuwauliza vya nini. Mwenyekiti alikuwa mzee Malimi, binamu wa marehemu baba yangu. Picha yangu ilikuwa mkononi mwake.

Nilianza kusema, hakuna aliyenisikia. Mtu mmoja akaniambia wewe binti kaa na wenzako. Nikaona mizani ya kupimia pamba, ile kubwa ya chini, nikapanda juu yake, nikapaza sauti mpaka koo likakwaruza.

"Hiyo picha ni yangu. Nimewadanganya. Hao si watu, ni udongo, na treni ni kopo la mafuta. Mayu alitaka nipige picha ukubwa wao uonekane, nikakataa kwa sababu nilitaka sifa. Nendeni mkaone. Kama hamtaona udongo, nichomeni mimi."

Mzee Malimi alimgeukia Mayu Nkwimba akamwuliza kama ni kweli. Yeye alifungua fundo la kanga, akatoa ufunguo, akaunyoosha hewani mpaka mzee akalazimika kuinama kuuchukua.

Kijiji kizima kikaelekea nyumbani kwake, wakaingia chumbani watano watano. Kundi la kwanza lilitoka likitazamana. La pili likatoka mtu mmoja anacheka, na kicheko kikaambukiza wengine, maana aliyeogopa sana hucheka sana. Wale vijana wenye vijiti wakaweka mizigo yao chini, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba walikuwa wanapita tu. Wa mwisho kuingia alikuwa Mama Sayi, nami niliingia nyuma yake. Alikwenda moja kwa moja kwa yule mwanamke wa udongo, akamshika kwa vidole viwili, akamwuliza mwenye nyumba ni nani huyu.

"Ni mimi," alisema Mayu Nkwimba. "Nikiwa na nguvu zangu. Mgongoni ni mwanangu wa kwanza. Alifia Malampaka, alikuwa hajaota meno."

Mama Sayi aliketi chini katikati ya vyungu akalia, na Mayu Nkwimba akaketi karibu naye. Wale wanawake wawili walikuwa majirani miaka yote, wote wamezika watoto, na siku ile mmoja alikuwa ameletwa ashuhudie mwenzake akiteketezwa. Nililia pia, lakini kilio changu kilikuwa cha aibu.

Ungedhani yaliishia hapo. Hayakuishia. Tuliporudi uwanjani mzee Malimi alisema ameridhika kwamba ni udongo, ila kijiji kimeshtuka, na ili pawe na amani mama avunje vile vitu, kila mtu aende nyumbani. Watu wakaitikia vizuri, hata waliokuwa upande wetu. Wahenga walisema wengi wape. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilimnong'oneza Mayu Nkwimba kwamba avunje tu, picha tunazo. Akanisogeza kando kwa fimbo yake, akasimama.

"Hakuna asiyekula kwenye chungu changu hapa," alisema. "Leo nikivunja, kesho mtasema alivunja kwa kuwa alikuwa na la kuficha. Sivunji. Mlango uko wazi. Anayetaka kuvunja aingie avunje mwenyewe mbele yangu, lakini kwanza aseme jina lake na la baba yake, watu wasikie."

Nilitazama uwanja ule uliojaa wanaume waliokuja na fimbo. Hakuna aliyekuwa na jina. Penye wengi pana mengi, mwanangu, lakini siku hiyo nilijifunza kwamba ukiwaita mmoja mmoja, wengi hao huwapati.

Sasa likabaki yowe. Kwa desturi yetu yowe likipigwa bure lazima lipate mwenyewe, na Mama Sayi hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwadhibu. Mzee Malimi akaniita pembeni kama ndugu. Akaniambia kwa upole kwamba niseme bibi ndiye aliyenituma nifiche ukubwa wa vitu vyake, kwamba alinidanganya na mimi ni mtoto tu. Yeye atatozwa kidogo, mimi nitakwenda zangu. Alidhani ananisaidia. Nikarudi mbele nikasema uongo ulikuwa wangu, na kama kuna wa kutengwa nitengwe mimi.

Wakanitenga mpaka mavuno ya pamba yanayofuata. Labda unadhani kutengwa ni jambo dogo, watu kukununia. Ngoja nikueleze. Hakuna anayekusalimia, na wewe ukisalimia hakuna anayeitikia. Huazimwi jembe, hupewi kaa la moto. Ukifika kwenye mashine ya kusaga, anayesaga anakuwa na kazi nyingine. Ukifiwa, utachimba kaburi mwenyewe. Anayekiuka anatozwa. Mama yangu mzazi alizungumza nami ndani ya nyumba, lakini kisimani alinipita kama mti. Simlaumu, alikuwa na wadogo zangu wa kuwalinda. Siku ya tatu nilitamani bora wangenichapa fimbo yakaisha.

Siku ya nne asubuhi, watu wakiwa njiani kwenda shambani, nilimwona Mayu Nkwimba anakuja. Alipita katikati ya njia na fimbo yake. Alipofika mbele ya nyumba yetu alisimama, akapaza sauti ambayo ilizoea kupigana na kelele za injini.

"Mwangaluka, ng'wanone. Umeamkaje?"

Mwangaluka ni salamu yetu ya asubuhi, salamu ya bure ambayo hata mgeni hupewa. Akangoja. Hakuondoka mpaka nilipoitikia na watu wote wakasikia.

Wakamtoza. Hakuwa na ng'ombe, wakamtoza chungu. Akapeleka chungu kwa mwenyekiti, na kesho yake akaja tena kunisalimia. Wakamtoza kingine, akapeleka, akarudi. Hivyo hivyo, salamu na chungu, salamu na chungu, mpaka mke wa mzee Malimi akawa hana pa kupita uani kwake, akamwambia mumewe kama anataka vyungu zaidi ahamie yeye nje. Basi wakaacha kumtoza, wakajifanya hawasikii. Yeye hakuacha kusalimia.

Asubuhi moja nilimwomba msamaha. Nilimwambia nitauza kamera na kuzichoma picha zote. Alikasirika kuliko alivyokasirika siku ya mkutano.

"Sikuja hapa kukusamehe," alisema. "Hilo ulikwisha kulimaliza juu ya mizani, mbele ya watu waliodanganywa. Ungekuja kuniomba radhi uani kwangu, tukiwa wawili, ningekufukuza. Jicho lako ni zuri. Uliliharibu ulipolitaka lisifiwe peke yake. Ukiuza hiyo kamera nitakutenga mimi, na mimi nikitenga sitengui."

Sikuiuza. Pamba ilipokomaa, mzee Malimi alikuja mwenyewe nyumbani, akakaa kwenye kigoda, akasema adhabu imekwisha, kisha akanisalimia. Sikumwitikia siku hiyo. Nilimwitikia kesho yake, na alielewa.

Mayu Nkwimba aliishi miaka mingine tisa, na alikufa kitandani kwake kwa uzee, kifo ambacho kila mtu anastahili. Zile picha ninazo. Wapo wa kijijini wanaokuja hapa studioni kuniomba nisiwe nazisimulia, wanasema naaibisha watu, wengine ni wajukuu wa walewale waliobeba vijiti. Nawapa soda, nawasikiliza, wakiondoka naendelea kusimulia. Aibu ya kijiji haiondoki kwa kunyamaza. Majuto ni mjukuu, nami ninao wajukuu saba, sasa nimwogope nani?

Basi shika haya, mwanangu, nakupa yakiwa yamekwisha kulipiwa. Ukipiga picha ya mtu au ya kitu cha mtu, acha ndani yake kile kinachomwezesha anayetazama ajue ukweli, hata kama picha itapungua uzuri. Usicheke na kitu ambacho hujakieleza. Ukimharibia mtu jina sokoni, usiende kulitengeneza jikoni. Rudi sokoni, panda mahali pa juu, na uvae kosa lako lote bila kumgawia mwenzako hata uzi. Na wakikwambia wengi wape, waulize kwanza wanataka nini. Wakitaka haki yao wape. Wakitaka nyumba ya mjane, wanyime, na uwaulize majina yao.

Mungu akupe jicho zuri na asiliache likulevye. Akupe koo lisilokauka siku ya kusema, na magoti yasiyokunjika mbele ya fimbo za watu. Na ikitokea wakutenge kwa ajili ya ukweli, akuletee mtu mmoja wa kukusalimia asubuhi watu wakisikia. Ukimkosa huyo mtu, nitumie ujumbe hapa Bariadi. Miguu inaniuma, lakini nitakuja.